Kuunda Mkono wa Gia: Ncha Ipi, Kiambishi Kipi?

Fundi anapoitoa giaboksi ya gari moja na kuipachika katika gari jingine, tatizo linalomngoja mwishoni huonekana dogo: mkono wa gia hautokezi pale dereva anapoufikia. Unaweza kutokeza mbele sana, karibu na dashibodi, au nyuma, chini ya kiti chenyewe. Hapo hana budi kuunda mkono mpya. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, kisha yanaonyesha kwa nini mwalimu wa Kiswahili anayefundisha vijana wa Rugaaga na Nakivale angefaidika kuipeleka darasani.

Kazi yenyewe si ngeni duniani. Katika miaka ya 1930 na 1940 vijana wa kusini mwa California, Marekani, walinunua magari makuukuu ya Ford, wakayavua madigadi na kila kilichokuwa na uzito usio na kazi, wakayatia injini zenye nguvu zaidi, hasa ile ya V8 ambayo Ford iliitoa mwaka 1932. Waliyashindanisha kwenye maziwa yaliyokauka. Magari hayo yakaja kuitwa hotirodi, na kwa kuwa kila moja lilikuwa mchanganyiko wa vipande vya magari mengine, kila moja lilidai mkono wa gia wa kwake. Rugaaga, wilayani Isingiro, haihitaji mashindano ili kukutana na hali hiyo. Giaboksi iliyotumika ni rahisi kuliko mpya, na ile inayopatikana madukani Mbarara si lazima iwe ya gari lile lile lililoharibika.

Tuanze na kanuni. Mkono wa gia ni wenzo, kama walivyosoma watoto wa shule za msingi za Tanzania katika somo la sayansi: una egemeo, una upande wa jitihada na upande wa mzigo. Egemeo hapa ni gololi iliyokaa ndani ya kikombe. Tuseme kutoka kwenye gololi hadi kirungu ambacho dereva hukishika kuna sentimeta 30, na kutoka kwenye gololi kwenda chini hadi ncha inayoingia kwenye giaboksi kuna sentimeta 6. Uwiano ni 5 kwa 1. Mkono wa dereva ukienda sentimeta 10, ncha ya chini huenda 2. Sasa fundi akitaka mwendo mfupi, kama walivyopenda wale wa hotirodi, akaupunguza upande wa juu hadi sentimeta 20, dereva atasogeza mkono takriban sentimeta 6.7 tu kwa kazi ile ile. Lakini atasukuma kwa nguvu mara moja na nusu ya ile ya kwanza. Ufupi una gharama yake, na kwa gari la kubebea ndizi kutoka Isingiro kwenda Mbarara mimi nisingeulipia.

Ikiwa mkono unatokeza mbele mno, suluhisho rahisi ni kuukunja kuelekea nyuma, juu ya gololi. Kinachohesabiwa hapo si urefu wa chuma kilichokunjwa, bali umbali wa moja kwa moja kutoka gololi hadi kirungu. Dereva pia atahisi kwamba kirungu hakiendi mbele tu: kikisukumwa huinuka kidogo, kikivutwa hushuka. Huo si ubovu. Ubovu huanza pale fundi anapoacha kukunja na badala yake kuongeza fito na egemeo la pili, kwa sababu kila egemeo hugeuza mwelekeo. Asipohesabu, gari linatoka gereji likiwa na gia ya kwanza mahali pa gia ya pili.

Hatua za kazi ni hizi. Fundi hupima kwanza dereva akiwa ameketi, kwa kutumia kipande cha waya mnene kilichokunjwa, kisha hukinakili kwa chuma. Kabla ya kuchomelea hutenganisha waya hasi wa betri, na hutoa kikombe iwapo ni cha plastiki, maana joto litakiyeyusha. Hushikisha kwanza kwa nukta chache, akajaribu gia zote, ndipo achomelee moja kwa moja. Jaribio hufanywa injini ikiwa imezimwa na magurudumu yamezuiwa kwa mawe au magogo. Gia ikikataa kuingia, gari lisukumwe kidogo ili meno yakutane, wala lisipigwe nyundo. Mwisho bamba hufungwa sakafuni na mpira wa kuzuia vumbi huvishwa juu yake.

Ndani ya giaboksi mambo ni mawili. Mkono ukienda kushoto au kulia unachagua uma. Ukienda mbele au nyuma unausogeza uma huo nao unaingiza gia. (Kamusi zinatupa wingi wa uma kuwa nyuma. Katika maelezo yaliyojaa mbele na nyuma, nashauri tuseme kila uma kwa umoja wake.)

Sasa lugha. Makambi ya Nakivale yalianza mwaka 1958 kwa wakimbizi kutoka Rwanda, na leo yana watu kutoka Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko. Kiswahili ndiyo lugha ambayo wengi wao hukutania, ila hakifanani. Aliyetoka Kivu aghalabu atasema vitesi kwa gia na ambreyaji kwa klachi, kutoka Kifaransa. Aliyesomea Tanzania atasema gia na klachi, kutoka Kiingereza. Walimu wengi wangeanzia hapa, kwa orodha ya msamiati. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo dogo kuliko yote. Fundi huonyesha kitu kwa kidole, na mwanafunzi hujua jina jipya papo hapo.

Kigumu ni sentensi. Chukua amri fupi: "Sukuma mbele." Mbele kwa nani? Kwa kuwa egemeo liko katikati, ncha ya juu ikienda mbele ile ya chini hurudi nyuma. Mwanafunzi aliyelala chini ya gari na mwenzake aliyeketi juu wanasikia amri moja na kufanya vitendo viwili vinavyopingana, na vidole vya wa chini viko karibu na chuma. Vivyo hivyo "vuta kwako". Katika giaboksi nyingi za gia tano, gia ya kwanza iko kushoto mbele. Gari la Uganda lina usukani upande wa kulia, kwa hiyo kushoto ni kwenda mbali na dereva. Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, na katika gari lenye usukani wa kushoto kushoto huko ni kuja kwa dereva. Mwenye mazoea ya gari hilo akiambiwa avute kwake atatafuta gia ya kwanza, ilhali msemaji alimaanisha ya tano.

Kisha kuna viambishi. Gia, klachi, nati, bolti, springi, liva, gololi, spana: yote yameingia ngeli ya I-/ZI-. Mwalimu akisema "Ikaze kabla hujaiingiza", hakuna sarufi itakayomwambia mwanafunzi kikazwacho ni nati, bolti au liva. Badilisha majina uone: mkono, kirungu, kikombe, bamba, egemeo. Sasa "kikaze" haiwezi kuwa bamba, na "litoboe" haiwezi kuwa kirungu. Ndiyo sababu nimetumia mkono wa gia badala ya liva katika makala haya, wala si kwa chuki ya maneno ya kigeni. Gia yenyewe nimeiacha kama ilivyo. (Msomaji makini atanena kwamba "ukunje" inaweza kuwa mtenda au mtendwa. Ni kweli, sema "ukunje mkono".)

Hata hivyo dawa hii ina mipaka mahali tunapoizungumzia. Katika Kiswahili cha wengi waliotoka Kongo, na cha Waganda wengi waliojifunzia barabarani, upatanisho wa ngeli umepungua, na i- hubeba karibu kila kitu. Kwao kiambishi hakitoshi, hivyo jina halina budi kurudiwa: kaza nati, nati ikishakaa chukua kirungu, kirungu kizungushe. Mtindo huu tungeukata kwa wino mwekundu katika insha. Katika mtihani wa maelezo ya kazi ya mikono ningeupa alama zote.

Mwalimu atakayejaribu somo hili hahitaji gari. Ufito wa mti, kamba ya kuufungia kwenye mguu wa dawati na wanafunzi wawili vinatosha: mmoja ashike ncha ya juu, wa pili aelekeze ncha ya chini ifike kwenye alama ya chaki, akiwa amegeuka ukutani na bila kutumia mikono.