Mwandishi Maktabani: Mjadala wa Kitabu Unavyomfaa Mwalimu na Mtahiniwa

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, naanza kwa kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka wanafunzi wa Kidato cha Nne katika maktaba ya umma mjini kwetu, ambako mwandishi mmoja wa hadithi fupi alikuwa amealikwa kuzungumza na wasomaji. Msichana mmoja darasani mwangu aliuliza kuhusu mhusika ambaye hadithi inamwacha njia panda. Mwandishi akajibu kwamba, kwa mawazo yake, mhusika yule hatimaye alirudi nyumbani akaomba radhi. Tulimpigia makofi tukaenda zetu.

Muhula uliofuata, katika mtihani wa majaribio, swali lilihusu mhusika yuyo huyo. Msichana yule akaandika kwamba mhusika anatubu na kurejea nyumbani. Nilimpa sufuri katika hoja hiyo. Alinijia katika chumba cha walimu, karatasi mkononi, akaniuliza: "Mwalimu, si mwenyewe ndiye aliyesema?"

Sikuwa na jibu la haraka. Alama niliyompa ilikuwa sahihi kwa sababu hadithi haisemi hayo popote. Hata hivyo, kosa lilikuwa langu. Nilimpeleka kumsikiliza mwandishi bila kumfunza ni yapi ya kuchukuliwa kinywani mwa mwandishi na ni yapi ya kutafutwa kitabuni. Makala haya yanakusudia kueleza manufaa ya mijadala ya vitabu na ziara za waandishi katika maktaba zetu, mipaka yake, na namna ya kuiandaa ili isimpotoshe mtahiniwa.

Maktaba ni uwanja wa nani?

Wanafunzi wengi huijua maktaba kama mahali pa kunyamaza. Yafaa wajue pia historia yake. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka wa 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuketi humo kusoma. Baada ya uhuru, Bunge lilipitisha sheria mwaka wa 1965 ya kuunda shirika la kusimamia maktaba za kitaifa, na matawi yakaenea mikoani. Mwaka wa 1996 shirika hilo lilianzisha maktaba ya ngamia huko Kaskazini Mashariki, vitabu vikawa vinabebwa hadi kwa wafugaji wasioweza kuvifuata mjini. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazitaja maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti.

Kwa nini nataja haya? Ni kwa sababu maktaba ya umma ni mali ya kila mtu: mwanafunzi, fundi wa baiskeli, mzee aliyestaafu, mama anayeuza mboga sokoni. Kongamano la fasihi linalofanyika shuleni huwakusanya watahiniwa peke yao, na aghalabu hutozwa ada. Mjadala wa maktabani huwachanganya watahiniwa na watu wasiofanya mtihani wowote. Hapo ndipo faida yake kubwa ilipo.

Faida za mjadala wa jamii

Wahenga walisema penye wengi pana mengi. Zifuatazo ni faida tatu ambazo nimezishuhudia.

(a) Mjadala humtoa mwanafunzi katika mwongozo na kumrudisha kitabuni

Tusidanganyane. Watahiniwa wengi hukariri miongozo, na wengine humaliza Kidato cha Nne bila kukisoma kitabu teule kutoka jalada hadi jalada. Mwongozo una nafasi yake, ila hupanga sifa za wahusika kama orodha ya bidhaa dukani: huyu ni mbinafsi, huyu ni mhafidhina, huyu ni mwajibikaji. Mwanafunzi huikariri orodha asijiulize jinsi sifa mbili zinavyoweza kupigana ndani ya mtu mmoja.

Chukua mfano wa Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege. Sara ni mgonjwa. Mume wake, Yona, amezama katika ulevi. Binti yao Neema anaishi mjini na mumewe, Bunju, na mzigo wa matibabu ya mama unamwangukia. Linazuka suala la mama mkwe kulala nyumbani kwa mkwewe. Katika mjadala mmoja wa maktabani, wanafunzi wangu walisimama mmoja baada ya mwingine wakamlaani Bunju kuwa mbinafsi. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma, aliyekuja kusoma gazeti tu, akaomba nafasi. Alisema: "Wajukuu wangu, kwetu mama mkwe na mkwewe hawalali chini ya paa moja. Mimi mwenyewe mama mkwe wangu alipougua nilimpangishia chumba kwa jirani. Hakuna aliyeniita mbinafsi."

Ukumbi ulinyamaza. Kisha mvulana mmoja akauliza: "Babu, sasa tutajuaje kama mtu anaogopa mila au anaogopa gharama?" Mzee akacheka, akasema hilo watazame wenyewe katika kitabu, maana yeye hakuwa amekisoma. Kwa mara ya kwanza niliona wanafunzi wakifungua tamthilia bila kuamrishwa, wakitafuta maneno ya Bunju na kuyasoma kwa sauti. Baadhi walimtetea, wengine walimhukumu, lakini kila mmoja alilazimika kutaja ukurasa.

(b) Mjadala huonyesha kwamba maudhui ni maisha

Kigogo ya Pauline Kea ilipokuwa kitabu teule, wanafunzi walijua kueleza kwamba kufungwa kwa soko la Chapakazi ni uongozi mbaya. Walikuwa wakiandika sentensi hiyo kama fomula. Lakini muulize mchuuzi kufungwa kwa soko kuna maana gani, naye atakueleza mboga zinazooza, karo isiyolipwa, na mkopo wa chama unaodaiwa. Mwanafunzi aliyesikia hayo humwelewa Ashua anapohangaika kutafuta riziki, na huelewa kwa nini Tunu na Sudi hawawezi kunyamaza. Jibu lake mtihanini halitakuwa refu zaidi kwa lazima, ila litakuwa na maelezo yanayoshikamana na hoja.

(c) Mjadala hulisha fasihi simulizi

Tunawafunza wanafunzi istilahi kama fanani, hadhira, ufaraguzi na uigizaji, na mara nyingi tunazifunza kwa ubao na chaki pekee. Maktabani unaweza kumwalika bibi anayejua ngano au mzee anayejua majigambo. Mwanafunzi ataona kwa macho yake jinsi fanani anavyobadilisha utendaji wake akigundua kuwa hadhira imechoka. Aidha, atapata fursa ya kufanya utafiti wa nyanjani: kuandaa hojaji, kuomba idhini ya kurekodi, kunukuu na kuhifadhi. Maswali kuhusu hatua na matatizo ya utafiti hujitokeza katika Karatasi ya Tatu. Anayekumbuka kwamba betri ya kinasasauti ilimwishia katikati ya ngano hahitaji kukariri matatizo hayo.

Ziara ya mwandishi: achukue nini mtahiniwa?

Sasa turudi kwa swali la yule msichana. Je, neno la mwandishi kuhusu kazi yake lina uzito gani?

Wahakiki wamelijadili suala hili kwa muda mrefu. Mwaka wa 1946 Wimsatt na Beardsley, wahakiki wa Marekani, walishikilia kwamba nia ya mwandishi haiwezi kuwa kipimo cha maana ya kazi, kwani kazi ikishatolewa huwa ya umma. Mwaka wa 1967 Mfaransa Roland Barthes alikwenda mbali zaidi akatangaza kile alichokiita kifo cha mwandishi: maana, kwake, huzaliwa kwa msomaji. Si lazima tukubaliane nao katika kila jambo. Sisi tunaofunza fasihi ya Kiafrika tunajua kwamba usuli wa mwandishi na jamii yake una umuhimu. Lakini katika chumba cha mtihani kanuni iko wazi: hoja huthibitishwa kwa matini.

Riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora inatupa mfano mzuri. Amani ameibiwa mswada wake, na kitabu kikatoka kwa jina la Mwalimu Majisifu. Wasomaji wa Majisifu wangemwalika maktabani kuzungumzia kitabu hicho, angesema nini? Angesema mengi, na yote yangekuwa uongo. Kitabu kilibaki na ukweli wake, ingawa jina lililo kwenye jalada lilikuwa la mwizi. Walibora mwenyewe aliaga dunia Aprili 2020. Hatuwezi tena kumwalika popote kumuuliza alikusudia nini kwa safari ya Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale katika Siku Njema. Hata hivyo, riwaya bado inasomwa na inajibu maswali ya wanaoisoma kwa makini.

Basi, mtahiniwa, mwandishi akija, yapange maneno yake katika mafungu matatu:

1. Yanayohusu utunzi. Alianzaje? Aliacha nini katika rasimu? Kwa nini alichagua nafsi ya kwanza badala ya ya tatu? Kwa nini mhusika ana jina hilo? Haya yatakusaidia kuona kwamba mbinu za lugha na za uandishi ni uamuzi wa mtu. Ukirudi kitabuni utaziona mahali ambapo awali ulipita tu.

2. Yanayohusu usuli. Mazingira aliyokulia na matukio ya nchi alipokuwa akiandika. Haya hukusaidia kuelewa. Yatumie kama taa ya kumulika kitabu, ila usiyaandike kama ushahidi.

3. Yanayohusu maana au yaliyotokea nje ya kitabu. Hapa ndipo mwanafunzi wangu alipoteleza. Mwandishi akisema mhusika alitubu baada ya ukurasa wa mwisho, huyo naye anasoma kama wewe. Jiulize: je, kuna tukio, usemi au ishara kitabuni inayounga mkono kauli hiyo? Ikiwapo, andika ushahidi huo na usimtaje mwandishi. Ikikosekana, iache kauli hiyo maktabani.

Kamwe usiandike katika karatasi ya mtihani "mwandishi alituambia". Mtahini hakuwapo, na hata angekuwapo, anasahihisha kitabu.

Namna ya kuandaa mjadala

Mwalimu, hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji mpango.

(i) Zungumza na mkutubi muhula mmoja kabla. Mwandikie barua kupitia kwa mwalimu mkuu, utaje tarehe, idadi ya wanafunzi na kitabu. Wakutubi wengi hufurahi kuona ukumbi wao ukitumika.

(ii) Chagua kitabu kimoja na swali moja lenye pande mbili. "Jadili maudhui" ni pana mno kwa asubuhi moja. "Je, Bunju anatii mila au anaitumia?" litawafikisha mbali.

(iii) Wasomaji wawe wamekisoma. Hakikisha kuna nakala za kutosha za kuazimana kwa zamu. Usitoe kivuli cha kitabu kizima. Huko ni kumnyang'anya mwandishi jasho lake, kisha unamwalika aje akusalimie.

(iv) Anza kwa kusoma kwa sauti. Dakika 15 za kusoma onyesho au kifungu humpa hata mgeni asiyekisoma kitabu mahali pa kusimama.

(v) Mwenyekiti awe mwanafunzi. Kazi yake ni kuuliza kila msemaji: "Wapi kitabuni?" Mwalimu aketi nyuma, na akizidiwa na hamu ya kusahihisha, anywe maji.

(vi) Mwandishi asemapo, wanafunzi waandike katika safu mbili: alichosema, na ukurasa unaohusika. Safu ya pili ikiwa tupu, ndipo kazi ya kurudi darasani ilipo.

(vii) Mgharamie mwandishi nauli na chakula. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni naye asirudi kwake na hasara.

Swali la mfano

Karatasi ya Tatu ina alama 80, na mtahiniwa hujibu maswali manne kwa muda wa saa mbili na nusu. Kila swali lina alama 20. Tazama swali hili:

"Mila ni nguzo na pia ni mzigo." Jadili kauli hii kwa kurejelea tamthilia ya Bembea ya Maisha. (alama 20)

Mtahiniwa aliyekariri mwongozo ataandika upande wa mzigo peke yake: Sara anasimangwa na wanakijiji kuhusu uzazi na kukosa mtoto wa kiume. Hoja hiyo ni sahihi, ila ni nusu ya jibu. Swali lina pande mbili, na neno "jadili" linadai zote. Aliyemsikiliza yule mzee maktabani atajua kwamba mila ya ukwe ilikusudiwa kulinda heshima baina ya watu wawili, na atatafuta kitabuni mahali heshima hiyo inapohifadhiwa na mahali inapomwacha mgonjwa pabaya. Kisha kila hoja ataipanga hivi: kutaja hoja, kutoa tukio au usemi kutoka kitabuni, na kueleza jinsi tukio hilo linavyothibitisha kauli. Yule mzee hatatajwa popote katika jibu, lakini mafunzo yake yatakuwamo.

Hitimisho

Yule msichana hakushinda rufani yake. Nilimwomba radhi mbele ya darasa kwa kutomwandaa, kisha tukafungua hadithi ile upya. Tulitafuta ishara yoyote ya toba katika aya za mwisho. Alipata moja: mhusika anaugeukia mlango mara mbili kabla ya kuondoka. Nilimwambia kwamba angeandika hilo akalieleza, ningempa alama. Akaniangalia kwa muda, akasema, "Basi mwandishi hakunidanganya, Mwalimu. Mimi ndiye sikusoma."

Mimi pia sikuwa nimeliona hilo kabla yake. Mwalimu mwenzangu, wapeleke wanafunzi maktabani. Waache wabishane na wazee na wamhoji mwandishi, mradi kila mmoja arudi akiwa na kitabu wazi mkononi.