RANGI NI YA MWISHO: Hasara niliyopata nikiunda gari gereji ya nyumbani

Leo siji na mbinu ya kupata wateja kumi kwa siku. Nakuja na habari ya gari. Usipite haraka, soma mpaka mwisho, mtaji wako umo humu ndani.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi kusini mwa California. Nauza khanga na vitenge mtandaoni. Mzigo natumiwa kutoka nyumbani, nauhifadhi kwenye gereji ya nyumba tuliyopanga. Miaka sita iliyopita jirani yangu, mzee mmoja mstaafu, aliamua kuuza Ford Model A yake ya 1930. Usidhani lilikuwa gari la kuwasha ukaondoka. Ilikuwa bodi juu ya fremu, haina injini, haina viti, na maboksi manne ya vipande. Nikalipa dola 4,500 nikasema, hili nitaliunda hotirodi kwa mikono yangu.

HOTIRODI NI NINI?

Ni gari la zamani lililovuliwa visivyohitajika na kutiwa injini yenye nguvu zaidi. Mambo haya yalishika moto hapa kusini mwa California miaka ya 1930. Vijana wasio na hela walinunua Ford kuukuu, wakatoa madigadi, wakaondoa kila kinachoongeza uzito, kisha wakazipeleka kwenye maziwa makavu ya jangwani kama Muroc na El Mirage kushindana mbio. Huko chini ni tambarare, gumu kama sakafu. Baadaye wakaanza kukata paa ili gari liwe fupi, na kushusha bodi ili likae karibu na ardhi.

Hakuna kiwanda kilichowatengenezea. Walifanyia nyumbani, kwenye gereji na nyuma ya nyumba. Ndiyo maana hata leo mtu wa kawaida anaweza kuunda moja. Lakini kuna utaratibu wake, na mimi niliuruka.

NILIPOKOSEA

Nilianza na vinavyoonekana. Nikanunua rimu za kung'aa. Nikanunua taa za kromu. Fremu nikaisugua juu juu, nikaipiga rangi nyeusi ikameta, nikapiga picha nikatuma kwenye magrupu. Watu wakasifia: "Kaka umetisha!" Mimi kichwa kikavimba.

Sasa hela ilitoka wapi? Nilichukua kwenye mtaji wa vitenge. Nilijiambia nitairudisha mwezi ujao. Mwezi ujao nikachukua nyingine.

Zikabaki wiki chache kufika Idi, yule dada anayenikusanyia mzigo Dar akanipigia: "Kaka, mzigo upo tayari, tuma hela nikufungie." Hela yenyewe ilikuwa imelala gereji, imegeuka rimu nne. Sikutuma. Mteja wangu mmoja wa Minneapolis, aliyekuwa akichukua doti ishirini kila sikukuu, akaenda kwa muuzaji mwingine. Mpaka leo hajarudi. Rimu zilikuwa nzuri sana, lakini hazikunipa mteja hata mmoja.

Haikuishia hapo. Yule mzee jirani akaja kutazama. Akaitazama fremu yangu inayong'aa, akapitisha kidole karibu na panapokaa injini. Palikuwa na ufa. Niliupaka rangi juu. Ilibidi rangi yote ya sehemu ile ikwanguliwe, fremu ichomelewe, halafu ipakwe upya. Nikalipa kazi moja mara mbili.

Na siku moja nikikata chuma, cheche za grainda ziliruka zikaangukia boksi la vitenge. Likaanza kufuka moshi. Tuliliwahi, lakini mke wangu alisema neno moja tu: "Chagua. Gereji ya gari au stoo ya biashara." Alikuwa sahihi. Jioni ile ile mzigo wote ukahamia chumbani.

UTARATIBU WENYEWE

Huu ndio nilioufuata baada ya kupigwa na dunia:

1. Karatasi kwanza. Kabla hujatoa hata senti, hakikisha gari lina hati na namba inalingana. Kwenye Model A namba inayotambulika ni ya injini, na kiwandani iligongwa pia juu ya fremu upande wa kushoto, mahali panapofunikwa na bodi. Gari langu halikuwa na injini, kwa hiyo tuliinua bodi kidogo tukaitafuta namba kwenye fremu. Gari lisilo na karatasi unaweza kuliunda miaka mitano halafu usiruhusiwe kuliingiza barabarani.

2. Fremu. Vyuma vya pembeni vya Model A vina umbo la mfereji, upande mmoja uko wazi. Vilitengenezwa kubeba injini ya silinda nne yenye nguvu za farasi 40. Ukiweka injini yenye nguvu mara nne, vinajipinda. Dawa yake ni kuchomelea bamba upande ulio wazi ili chuma kiwe kama boksi, na kuongeza vyuma vya kukingama katikati. Kama hujui kuchomelea, mlipe fundi anayejua. Hapa si mahali pa kujifunzia.

3. Breki na stelingi kabla ya injini. Model A ilitoka kiwandani na breki za fito: ukikanyaga, vyuma vinavuta mpaka kwenye gurudumu. Ford wenyewe hawakuweka breki za mafuta mpaka magari ya 1939, na vijana wa zamani walikuwa wakizitoa kwenye magari hayo na kuzifunga kwenye Ford kuukuu. Mimi nimeweka breki za diski mbele, na silinda kuu yenye vyumba viwili, ili upande mmoja ukivuja mwingine ubaki unashika. Gari linalokimbia lakini halisimami ni jeneza.

4. Injini, giaboksi na difu. Nilitafuta V8 ya Chevrolet ya lita 5.7, iliyotoka kwenye pikapu. Kwa nini hiyo? Kwa sababu zilitengenezwa kwa mamilioni, spea zipo kila kona na bei yake inavumilika. Kitu adimu kinapendeza kwenye picha, lakini kikiharibika unakaa miezi unasubiri spea.

5. Waya. Model A ilitumia umeme wa volti 6. Ukiweka injini ya kisasa, unahamia volti 12, kwa hiyo waya zote zinabadilishwa na kila njia inawekewa fyuzi yake. Usiunge waya mpya kwenye waya wa mwaka 1930. Moto unaweza kuanzia hapo.

6. Unga gari zima likiwa chuma kitupu. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Hotirodi huungwa mara mbili. Mara ya kwanza bila rangi, bila viti vya ngozi. Unafunga kila kitu, unaliwasha, unalipeleka taratibu mahali salama. Ndipo unagundua stelingi inagusa bomba la moshi, mlango haufungi, rejeta haipozi injini. Unakata, unachomelea, unatoboa, huogopi kuharibu chochote kwa sababu hakuna cha kuharibika.

7. Sasa bomoa, piga rangi, unga tena. Rangi ni ya mwisho.

Usalama nao: usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tu, weka stendi. Usichomelee karibu na tangi la mafuta, hata likiwa tupu, maana mvuke wake unalipuka. Chomoa betri. Mtungi wa kuzimia moto uwe unaufikia kwa mkono. Vumbi la breki za zamani usilipulize kwa hewa, huenda lina asbestosi. Na rangi za kisasa za magari zinazochanganywa na kigumu zinaharibu mapafu, kwa hiyo mimi kazi hiyo nilimwachia fundi mwenye chumba chake.

HELA ILIRUDIJE?

Hapa sasa ni biashara. Kila nilichobadilisha kiliacha kitu cha zamani: fito za breki, taa za nyuma, magurudumu ya waya. Nilitaka kuvitupa. Mzee akanizuia. Kuna watu hawaundi hotirodi, wao wanarudisha Model A iwe kama ilivyotoka kiwandani. Kile ninachokitoa mimi ndicho wanachokitafuta wao.

Nikaanza kuviuza mtandaoni, na nikapata somo la haraka. Magurudumu yangu niliandika ni ya Model A, basi. Mteja akanunua, yakarudi. Gari lake lilikuwa la 1929, linatumia inchi 21. Yangu ya 1930 ni inchi 19. Nauli ya kwenda na kurudi nikalipa mimi. Tangu siku hiyo kila tangazo langu lina mambo matano:

- kinaingia kwenye gari la mwaka gani, na hakiingii lipi
- vipimo, na picha ya futi ya kupimia ikiwa imelala juu ya kitu chenyewe
- kasoro zote, kutu na nyufa, zimepigwa picha kwa karibu
- uzito kikiwa kimeshafungwa, ili nauli ijulikane kabla ya kulipa
- namba iliyochongwa kwenye kipande, kama ipo

Watu waliacha kurudisha. Halafu nikapeleka utaratibu huo huo kwenye khanga: urefu, upana, aina ya kitambaa, jina lililoandikwa, picha ya rangi juani. Maswali ya "hii ikoje?" yakapungua sana, na oda zikaongezeka.

Hii si ajabu, maana dunia ya hotirodi ilijengwa na wafanyabiashara wadogo. Vic Edelbrock alikuwa na gereji yake Los Angeles. Mwaka 1938 akanunua Ford ya 1932, akaibunia manifoldi, yaani kile chuma cha juu ya injini kinachogawa hewa na mafuta kwenye silinda. Wenzake walipoona gari linavyokwenda, wakamwomba awatengenezee na wao. Hakuanza na nembo, alianza na gari lililokwenda. Alex Xydias alitoka jeshini akafungua duka la spea za mbio Burbank mwaka 1946. Robert Petersen alipotoa jarida la Hot Rod Januari 1948, alisimama mwenyewe nje ya maonyesho ya magari akiliuza senti 25 nakala moja. Bidhaa ilitangulia, mapambo yakafuata.

KWAKO WEWE UNAYEUZA MTANDAONI

Jiulize leo: nimeanza na rangi au na fremu? Nembo, vifungashio vyenye jina, picha za studio, hayo ni rangi. Fremu ni mtaji usioguswa. Breki ni daftari la mapato na matumizi, ndilo linalokuambia simama. Mzunguko wa kwanza uza bila urembo: mifuko ya kawaida, wateja kumi. Ona wapi panagusa, wapi hapafungi. Rekebisha wakati marekebisho bado ni rahisi. Ukishajua gari linakwenda, piga rangi.

Na hela ya starehe itenge na ya biashara. Mimi sasa gari lina bahasha yake. Bahasha ikiisha, spana zinalala, hata kama imebaki nati moja.

Gari lilitoka gereji mwaka wa tano. Ni la kijani kibichi, na rimu ni zile zile zilizonikosesha mteja wa Minneapolis. Sikuziuza makusudi. Kila nikitaka kuchomoa hela ya mzigo, naenda kuzitazama kwanza.

Je, wewe umewahi kupiga rangi kabla ya kuangalia fremu? Tuandikie hapo chini kwenye maoni, tujifunze pamoja. Na mtumie mwenzako anayetaka kuchapisha vifungashio kabla hajauza hata kipande kimoja.