Kukata bati bila cheche: zana gani uwe nazo shambani

Msimu wa kupanua mabanda ukifika, maswali mengi ninayopata ni ya vipimo: kuku wangapi kwa mita ya mraba, madirisha yaelekee wapi, bati la geji ngapi. Zana ya kukatia bati haiulizwi kabisa, maana kila mtu ana jibu tayari: fundi atakuja na grainda. Leo tuliangalie hilo jibu upya.

Grainda inafanya nini hasa

Grainda ndogo ya inchi 4.5 inazungusha diski karibu mara 11,000 kwa dakika. Haikati bati kama mkasi, inalisaga. Chembe za chuma zinazotoka huwa zimepata joto kali na zinaendelea kuungua hewani. Hizo ndizo cheche. Kwenye karakana yenye sakafu ya zege tupu hazina shida kubwa. Shambani kwako chini kuna maranda au pumba za mpunga, pembeni kuna nyasi kavu na magunia, na nyuma ya mlango kuna dumu la petroli la pampu ya maji.

Ubaya wa maranda ni kwamba mara nyingi hayawaki papo hapo. Cheche inazama, inafukuta taratibu, na moshi wenyewe ni kidogo. Kuna kijana kwenye kata yetu alipoteza banda la vifaranga kwa njia hiyo. Fundi alikata kipande cha kuziba upenyo alasiri, akalipwa, akaondoka. Moto ulionekana giza lilipoingia. Vifaranga walikuwa wa mkopo, na mkopo haukuungua.

Hasara ya pili ni ya bati lenyewe. Zinki inayolinda bati lisipate kutu inayeyuka kwenye joto la nyuzi 420 hivi za Selsiasi, kwa hiyo ukingo uliokatwa kwa grainda unabaki bila kinga ya kutosha. Chembe za moto zikiangukia bati lingine zinaganda pale na kuanzisha madoa ya kutu. Kama ni bati la rangi, rangi inaungua pia.

Zana za kununua

1. Mkasi wa bati. Huu ndio uanze nao. Kwa mabati ya kawaida ya kuezekea, geji 28 hadi 32, unatosha kabisa. Kumbuka namba ya geji ikipanda unene unashuka, hivyo geji 28 ni nene kuliko geji 32. Ile mikasi yenye maungio mawili inapunguza nguvu ya mkono, na rangi za mishikio zina maana: njano unakata mstari ulionyooka, nyekundu unapinda kushoto, kijani unapinda kulia. Mmoja tu bei yake kwa kawaida haifiki ya mfuko wa kilo 50 wa chakula cha kuku. Usifunge mkasi mpaka ncha kila unapokata, maana ncha huacha meno kwenye ukingo.

2. Nibla. Hiki ni kichwa kinachofungwa kwenye drili, kinamega bati kidogokidogo bila kulipasha moto. Mkasi unasumbua ukikata kukatiza migongo ya bati, ila nibla inapanda na kushuka nayo vizuri. Kama una mabati mengi ya kukata, changeni watu watatu au wanne mnunue moja.

3. Msumeno wa chuma wa mkono au jigso yenye wembe wa meno madogo. Inafaa kwa bati nene kidogo, ambalo mkasi haupiti. Bati jembamba linatetemeka na kunasa kwenye meno, hivyo libane katikati ya mbao mbili kisha kata vyote pamoja.

Bila cheche hakumaanishi bila hatari

Hapa wengi wanachanganya. Ndani ya mota ya drili nyingi mnatoka cheche ndogo za umeme. Kwa hiyo nibla ni salama kuliko grainda karibu na nyasi kavu, lakini si salama penye mvuke wa petroli au vumbi jingi la unga, kama ndani ya mashine ya kusaga. Pale toa mafuta, fungua milango, safisha vumbi, au peleka bati likakatwe nje.

Na pipa lililowahi kuwa na petroli, dizeli au thina usilikate kwa zana yoyote ukisema ni tupu. Mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka. Kama unataka pipa la kutengeneza chombo cha kulishia, tafuta lililobeba chakula. Lililobeba viuatilifu lisitumike tena kwa mifugo kabisa.

Vipande vilivyobaki

Nibla inamwaga vipande vidogo vyenye umbo la mwezi mchanga, vikali kama wembe. Kuku hudonoa vitu vinavyong'aa, na zinki inawadhuru. Ng'ombe naye hachambui anachomeza: chuma kinatulia kwenye tumbo la pili, kinaweza kutoboa ukuta wake na kufika mpaka kwenye moyo. Katia juu ya turubai, likunje ukimaliza, kisha pitisha sumaku chini. Bati la alumini halishiki sumaku, hilo okota kwa mkono wenye glovu. Miwani ya kinga na glovu ngumu vaa hata kwa mkasi.

Kama lazima grainda itumike

Kuna kazi haziepukiki, kwa mfano kukata chuma cha pembe. Katia nje, mbali na banda. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinataka vitu vinavyoshika moto viwe futi 35, yaani karibu mita 11, kutoka mahali pa kazi, na mtu abaki akiangalia moto angalau nusu saa baada ya kumaliza. Kwenye maranda mimi nashauri saa nzima, ndoo za maji zikiwa karibu.

Kabla fundi hajaja, mwambie kwenye simu aje na mkasi wa bati. Akisema grainda ni ya haraka, anasema kweli, lakini muulize nani atabaki kulinda banda akishaondoka.