Matairi ya Gari la Spoti: Soma Ubavu Kabla ya Kulipa

Mnunuzi wa gari la spoti huuliza kwanza habari za injini: ina nguvu za farasi ngapi, na gari linafika mwendo gani. Maswali hayo ni halali, lakini hayatoshi. Nguvu zote za injini, uwezo wote wa breki na utiifu wote wa usukani hupitia katika sehemu nne ndogo za mpira zinazogusa barabara, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Mpira huo ukishindwa kushika lami, hakuna sifa nyingine ya gari itakayomwokoa dereva. Kwa sababu hiyo tunashauri fedha ya kuboresha gari ianzie kwenye matairi.

Nambari za ubavuni

Tuchukue mfano wa tairi lililoandikwa 205/55R16 91V. Nambari 205 ni upana wake kwa milimita. Nambari 55 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 55 ya upana huo. R huonyesha kuwa ni tairi la radiali, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Nambari 91 ni kiwango cha mzigo: tairi hilo lisibebe zaidi ya kilo 615. Herufi V ni kikomo cha mwendo, kilomita 240 kwa saa. T ni 190, H ni 210 na W ni 270. Hakuna anayemruhusu dereva kukimbia hivyo barabarani, lakini herufi hiyo hueleza pia jinsi tairi linavyostahimili joto. Mnunuzi asikubali kiwango cha mzigo au cha mwendo kilicho chini ya kile kilichowekwa na mtengenezaji wa gari.

Wengi hutamani rimu kubwa. Jambo hilo linawezekana, mradi kipenyo cha gurudumu zima kisibadilike sana na tairi lisikwaruze bodi. Tairi la 225/45R17, kwa mfano, humzidi mwenziwe wa 205/55R16 kwa milimita 2 au 3 tu za kipenyo. Ubavu mfupi hulifanya gari liitikie usukani upesi. Lakini shimo moja laweza kupasua tairi na kupinda rimu. Anayepita barabara mbovu kila siku atafaidika zaidi na ubavu mrefu.

Umri na aina ya mpira

Baada ya herufi DOT hufuata mlolongo wa alama unaoishia kwa tarakimu nne. Tarakimu 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zisipoonekana, zitafutwe upande wa pili wa tairi. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani: hukauka, huota nyufa na kupoteza mshiko, ingawa kashata zake bado ni ndefu. Tairi ambalo halijawahi kutembea hata kilomita moja laweza kuwa limekaa ghalani miaka mingi.

Tahadhari nyingine yawahusu wanaonunua magari na matairi yaliyotumika kutoka Japani. Baadhi huja na matairi ya majira ya baridi yenye neno STUDLESS ubavuni. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kushika theluji na barafu. Katika joto letu hulegea kwenye kona, husimama kwa shida na huisha upesi. Muuzaji akisifu kina cha kashata, mnunuzi asome kwanza neno hilo.

Kufunga na kupanga

Matairi mawili ya ekseli moja yawe ya aina, kipimo na uchakavu uleule. Kwa gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, kama Subaru Impreza nyingi, yote manne yafanane. Tofauti ya uchakavu huweza kuharibu difu. Kwa magari mengine, fedha ikitosha matairi mawili tu, mapya yafungwe nyuma. Tairi la mbele likiteleza, gari huelekea kwenda mbele na dereva huweza kupunguza mwendo. La nyuma likiteleza, mkia wa gari huzunguka, na wachache huweza kulirudisha. Fundi afuate pia mshale wa mzunguko, au neno OUTSIDE linaloonyesha upande wa nje.

Upepo upimwe matairi yakiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Upepo pungufu hula kingo za tairi, hulipasha joto na kuufanya usukani uchelewe. Upepo uliozidi hula katikati na kupunguza mshiko.

Baada ya kufunga, magurudumu yasawazishwe na kupimwa alaimenti. Tunashauri mteja aombe karatasi ya vipimo vya kabla na baada ya marekebisho. Gari likivuta upande mmoja, au tairi likiisha upande wa ndani pekee, tairi jipya halitaponya kasoro hiyo. Nalo litaisha vivyo hivyo. Shokapu zilizochoka nazo zibadilishwe, maana hulifanya tairi lirukeruke badala ya kukanyaga.

Mwenye fedha kidogo anunue matairi manne mapya ya kipimo cha kawaida, yanayofanana, badala ya mapana ya mtumba yasiyojulikana yalikotoka. Adai risiti inayotaja aina, kipimo na tarakimu za DOT. Bila maandishi hayo, ni vigumu kuthibitisha madai yake tairi likipasuka au likivimba kabla ya wakati wake.