Kwa nini nyumba yenye giza huleta usingizi mchana?

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, mchana hudumu takriban saa 12 mwaka mzima. Hata hivyo, ndani ya nyumba za udongo zenye madirisha madogo, mwanga huwa hafifu.

Jichoni mna seli zinazouarifu ubongo kwamba kumekucha. Zikikosa mwanga wa kutosha, mtu husinzia mchana na usiku usingizi humpaa.

Taa za umeme, hata katika ofisi za jijini Mbarara, kwa kawaida hutoa luksi mia chache tu. Nje, hata penye mawingu, mwanga huweza kupita luksi 10,000. Hivyo mwanafunzi au fundi cherehani asiye na umeme aketi barazani asubuhi, kivulini: mwanga huo haulipiwi.