Dola iliyofeli, sasa inasakwa

Ukiona sarafu ya Marekani ya 1878 imeandikwa GOLOID, dhahabu 1 kwa fedha 24, usikimbilie kutoa pesa. Skiza kwanza.

Mwaka 1877 Dkt. William Wheeler Hubbell alipata hataza ya mchanganyiko huo, pamoja na shaba kidogo. Enzi hizo wanasiasa walikuwa wanavutana: pesa iwe ya dhahabu ama ya fedha? Yeye akasema, basi tuchanganye. Kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kikapiga chache za majaribio.

Shida? Kwa macho inafanana kabisa na fedha ya kawaida. Tapeli angeondoa dhahabu na usingejua bila kuipeleka maabara. Bunge likakataa.

Leo wakusanyaji wanazisaka kwa sababu hazikuwahi kuwa pesa ya matumizi. Lakini mtego ni uleule: muhuri huohuo ulipiga pia za fedha tupu, hata za shaba. Maandishi si ushahidi. Lazima ipimwe, tena bila kukwaruzwa.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo jaribio lililofeli hunigusa. Ila kwa pesa zako, amini kipimo, si stori ya muuzaji.