Namba za Mpira wa Motokari na Usalama wa Jamaa

Baba wa jamaa akijaliwa kununua motokari, nyumba nzima hushangilia. Watoto watafika shuleni bila kunyeshewa, mama hatabeba tena mizigo ya soko kichwani, na bibi mzee atapelekwa Misa siku ya Mungu. Hata hivyo motokari ni kama shamba: asiyelitunza hulivuna vibaya. Kati ya vitu vyote vinavyochakaa ndani yake, hakuna kinachogusa uhai wa abiria upesi kuliko mipira ya magurudumu. Kila mpira hugusa barabara kwa sehemu ndogo tu, ipatayo kiganja cha mkono. Ndiyo kusema kwamba baba, mama na watoto wao wote wamechukuliwa na viganja vinne.

Basi mipira ikiisha, baba huenda kutafuta mingine. Muuzaji humwonyesha ya bei nafuu na kumwambia: «Chukua hii, itaingia.» Tunawaomba wasomaji wetu wasilipe fedha kwa neno hilo. Mpira waweza kuingia katika chuma cha gurudumu, nao usiifae motokari hata kidogo. Ukweli umeandikwa ubavuni mwa mpira wenyewe, na kila mtu aliyesoma shule ya msingi aweza kuufahamu.

Tutwae mfano wa kipimo kinachoonekana sana katika motokari ndogo za jamaa, kama Toyota Corolla za miaka kadhaa: 195/65 R15 91H. Namba ya kwanza, 195, ni upana wa mpira kwa milimetri. Namba ya pili, 65, si milimetri: maana yake urefu wa ubavu ni 65 kwa mia ya upana ule. Herufi R hudhaniwa na wengi kuwa ni jina la chuma, sivyo. Yaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, zikitoka ukingo mmoja kwenda wa pili moja kwa moja, namna iliyoanza kuuzwa na kiwanda cha Michelin cha Ufaransa mwaka 1949. Namba 15 ni kipenyo cha chuma cha gurudumu kwa inchi.

Namba 91 ni alama ya uzito: mpira huo waweza kuchukua kilo 615. Penye 88, mwisho wake ni kilo 560. Herufi H ni alama ya mwendo, kilometri 210 kwa saa. Mtu atasema: «Sisi hatukimbii hivyo.» Vema, wala tusikimbie! Lakini herufi hiyo yaonyesha pia jinsi mpira unavyovumilia joto, na joto ndilo adui wa mpira uliobeba mzigo mzito katika safari ndefu.

Sasa tunawaita wanafunzi wetu watwae kalamu na kuwasaidia wazazi. Tufanye hesabu ya kimo cha gurudumu zima. 65 kwa mia ya 195 ni milimetri 126.75. Gurudumu lina ubavu juu na chini, basi tuzidishe mara mbili: 253.5. Inchi moja ni milimetri 25.4, kwa hiyo inchi 15 ni 381. Jumla yake ni 634.5. Hicho ndicho kimo ambacho watengenezaji wa motokari hiyo walikitumia walipopima breki, gia na saa ya mwendo.

Tuseme muuzaji atoa 195/50 R15. Chuma ni kilekile, na mpira utaingia bila shida. Lakini hesabu yatupa milimetri 576 tu, yaani pungufu ya 9 kwa mia na zaidi. Tumbo la motokari litashuka karibu sentimetri 3, na katika barabara zetu zenye mashimo hiyo si kidogo. Ubavu mfupi hautaweza kupunguza mapigo ya mawe, na chuma kitapinda. Tena saa ya mwendo itasema 80 hali mwendo wa kweli haufiki 73, na kitabu cha safari kitahesabu kilometri 100 pale zilipopitwa 91 tu.

Wengine, kwa kuogopa mashimo hayohayo, hutaka mpira mkubwa. Wakichukua 205/70 R15, kimo chafika 668, yaani nyongeza ya 5 kwa mia. Motokari tupu itatembea vizuri. Lakini ikijaa watu na mizigo, mpira waweza kusugua bati la ndani dereva akikata kona. Saa ikionyesha 80, mwendo wa kweli ni 84. Dereva adhani anakwenda polepole, kumbe sivyo.

Je, kipimo kingine hakiruhusiwi kamwe? Chaweza kuruhusiwa. Mpira wa 205/55 R16, pamoja na chuma chake cha inchi 16, una kimo cha 631.9, karibu sawa na ule wa kwanza. Mafundi wengi hawakubali tofauti ipitayo 3 kwa mia, wala alama ya uzito iliyo chini ya ile ya kiwanda. Lakini njia iliyo salama kwa asiye fundi ni fupi: fungua mlango wa dereva, tazama karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo yake, au soma kitabu cha motokari, ukanunue kipimo kilichoandikwa humo. Usiige tu mpira uliopo, maana aliyekuuzia motokari huenda alikwisha kuubadili.

Kuna mambo mengine matatu ya kukumbuka. Kwanza, tafuta ubavuni namba nne za mwisho zinazofuata herufi DOT: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Mpira uliozeeka hupasuka ingawa meno yake yangali marefu, na uliofikisha miaka 10 haufai tena safari. Pili, mipira miwili ya mhimili mmoja iwe ya kipimo kimoja na namna moja. Kama fedha zatosha miwili tu, iliyo mipya ifungwe nyuma, ili motokari isiteleze mkia wakati wa mvua. Tatu, pima upepo mipira ikiwa baridi, ukifuata karatasi ile ya mlangoni. Safari ya mzigo huwa na kipimo chake.

Twajua kwamba fedha ni chache, na karo ya watoto haingoji. Lakini afadhali mipira miwili iliyo halali mwezi huu na miwili mwezi ujao, kuliko minne ya bahati. Amri ya tano hailindi tu uhai dhidi ya mkuki na sumu. Yatudai pia tusiutie hatarini uhai wetu na wa jirani kwa uzembe. Rozari inayoning'inia mbele ya dereva ni ishara njema ya imani yake. Mipira ifaayo ni ishara ya upendo kwa wale wanaokaa nyuma yake.

Jioni ya leo, baba na mtoto wake wa shule watoke na taa, wasome namba za mlangoni na za mipira minne, pamoja na ule wa akiba, waziandike katika daftari la nyumba. Kisha baba akienda kununua, aichukue karatasi hiyo mfukoni.